Chupa Mbili za Maji Taka

Watu huonea wivu gari la jirani au ng'ombe wa shemeji. Mimi niliyaonea wivu maji taka ya Kitengela, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu haya yangu yote iliisha mwaka ule.

Kazi yangu ilikuwa kuchota. Mara mbili kwa mwezi, asubuhi wakati watu wanatoka chooni, niliteremsha ndoo kwenye mtaro wa maji taka wa Kajiado mjini, nikajaza chupa, nikaitia katika kisanduku cha barafu na kuipeleka maabara Nairobi. Huko waliyamwaga maji yale juu ya chembe hai, wakangoja. Chembe zikifa, maji yana kirusi, na wataalamu hukaa chini kutafuta ni kirusi gani. Kilichoogopwa kuliko vyote ni kile cha polio, kinachopooza miguu ya watoto. Mtoto anaweza kukibeba tumboni akicheza kama kawaida, na ndiyo maana tuliuliza vyoo kabla ya kuwauliza watoto. Chembe zikifa, sisi tulisema chupa imeota.

Zangu hazikuota. Mwaka baada ya mwaka, jibu lilikuwa lile lile: hakuna kitu. Wakati huo nilijivunia jambo hilo. Nilidhani ni sifa ya mji.

Kisha nikaletewa msichana wa kufundisha. Wazazi wake walikuwa wametoka Machakos, yeye akakulia Kitengela, na ndiko alikopangiwa kuchota. Nilimfundisha kila kitu. Fundo la kamba ambalo haliteremki ndoo ikijaa. Kusimama upepo ukiwa mgongoni. Na sheria yangu ya lebo: chota kwanza, kausha chupa, kisha ubandike mkiwa garini, maana karatasi haishiki kwenye chupa iliyolowa. Aliniita mwalimu, nami nikavimba kichwa.

Mwezi wake wa kwanza tu, chupa yake ikaota. Vilikuwa virusi vya kawaida vya kuharisha, lakini viliota. Mwezi wa pili pia. Halafu akachota maji ya bwawa moja la kuogelea ambako familia za Kitengela hupeleka watoto Jumapili wakitoka kanisani, na hayo nayo yakaota. Bwawa likafungwa, likasuguliwa, na mwenye bwawa badala ya kukasirika akamletea kreti ya soda. Mimi, kama afisa wa afya, nimefunga vibanda vya chakula vichafu zaidi ya ninavyoweza kukumbuka, na sijawahi kupewa hata maji ya kunywa.

Roho iliniuma. Niliinywa soda ile moja niliyogawiwa, na ilikuwa tamu, na hilo likaniudhi zaidi.

Mkutanoni bosi wetu alisema maabara imelemewa. Sehemu moja kati ya mbili itabaki. "Mahali hapaoti kitu, mtu anajiuliza," akasema. "Ama watu wa Kajiado ni malaika, ama tunachota vibaya." Watu wakacheka. Kama kufikia mwisho wa mwaka mtaro wangu ungekuwa bado kimya, ungefungwa, na mimi ningerudi kukagua vyoo vya baa. Nilimtazama msichana wangu. Hakucheka, alikuwa akiandika kwenye daftari lake, na hata kule kutocheka kwake nilikuchukia.

Ukweli ni kwamba sababu niliijua. Siku ya kuchota nilikuwa nimeichagua mwenyewe, na nilikuwa nimekwepa siku ya soko la mifugo. Siku ya soko mji hujaa watu kutoka Kisaju hadi mpakani Namanga, na vyoo vya soko havipumziki. Lakini mimi ni mfugaji pia. Siku ya soko nilikuwa na mbuzi wangu wa kusimama nao, na majirani wa kunung'unika nao kuhusu bei. Kwa hiyo nilichota siku ambazo mtaro ulibeba povu la sabuni ya kufulia. Msichana aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, kwani siku ya soko huwa huchoti?" Nikamjibu, "Kuna vumbi sana." Akaamini, kwa sababu ni mimi niliyesema.

Basi ikatokea gari letu likawa gereji wiki nzima, likatoka siku ya soko. Sikuwa na la kufanya. Nilichota nikiwa nimenuna, malori ya ng'ombe yakishusha nyuma yangu na wanaume wenye shuka wakipanga foleni mbele ya vyoo. Ndoo ilipanda na nyasi ndani. Nikajaza chupa, tukaondoka.

Kitengela tukamchukua msichana na chupa yake. Aliiweka kando ya yangu, akasema, "Mwalimu, si utuandikie zote? Mwandiko wako ni msafi. Mi niwaletee chai na mandazi." Akashuka. Dereva alikuwa nje akikagua gurudumu. Nilikaa na chupa mbili kavu, lebo mbili, na kalamu.

Sitasema shetani alinipitia. Nilifikiria vizuri. Chupa yake itaota, kama kawaida yake. Basi na iote kwa jina langu mara moja tu, mtaro wangu usifungwe. Nani ataumia? Nikaandika Kajiado, nikabandika kwenye chupa yake. Nikaandika Kitengela, nikabandika kwenye yangu. Mandazi yalipofika nilikula matatu.

Zilipita wiki kadhaa, bosi akapiga simu. Sauti yake haikuwa ya mzaha. "Kitengela imeota. Na safari hii si kuharisha. Ni polio."

"Na Kajiado?" nikauliza.

"Kajiado hakuna kitu, kama kawaida yenu."

Nilikaa chini penye kivuli cha ofisi. Ningependa kuandika kwamba jambo la kwanza nililowaza ni watoto. Hapana. Jambo la kwanza nililowaza ni kwamba hatimaye chupa yangu ilikuwa imeota, chupa kubwa kuliko zote alizowahi kuchota yule msichana, na mimi mwenyewe kwa mkono wangu nilikuwa nimempa yeye. Niliona wivu juu ya chupa yangu mwenyewe. Mtu angenieleza kisa kama hicho ningemwambia akapimwe kichwa.

Kitengela ikajaa watu wa afya. Walipita nyumba kwa nyumba, wakiuliza kama kuna mtoto aliyelegea mguu, wakidondosha matone ya chanjo mdomoni, na kila mtoto aliyepewa akipakwa wino mweusi kwenye kidole kidogo ili asirudiwe. Msichana wangu ndiye aliyewaonyesha ramani ya mitaro. Wageni kutoka Nairobi walimsikiliza wakiwa wamesimama. Kajiado hakuja mtu, kwa sababu Kajiado karatasi ilisema hakuna kitu.

Jioni moja akanipigia. "Mwalimu, pole kukusumbua. Maabara wameniuliza kitu. Wanasema chupa yangu ilikuwa na nyasi. Mimi kwangu sina nyasi, ni sabuni na makaratasi tu. Inaweza kuwa nini?"

"Pengine upepo," nikasema.

"Haya, mwalimu. Nitawaambia ni upepo."

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi niliuona mwisho wake ukiwa pale pale kwenye simu. Lakini bado sikusema. Nilichofanya kesho yake ndicho kinachonichoma hadi leo. Nilimchukua mjukuu wangu, ambaye mama yake alikuwa ameahirisha matone yake kwa sababu ya kuhama na mbuzi wakati wa kiangazi, nikampeleka zahanati. Muuguzi akashangaa. "Mzee, leo mbio hivi? Kwani kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu. Maneno yale yale ya maabara.

Tukiwa njiani kurudi tulikutana na watoto wa majirani wakitoka shule. Kwetu mtoto akikutana na mzee huinamisha kichwa, nawe humgusa utosini ndipo apite. Wakaja mmoja mmoja, wakainama. "Supa," nikawasalimia. "Ipa," wakaitika. Niligusa kichwa cha kwanza, cha pili, cha tatu, na macho yangu yakateremka kwenye mikono yao. Vidole vilikuwa vichafu kwa vumbi na kalamu za rangi. Wino haukuwepo hata kwa mmoja. Mdogo wao, anayebebwa na dadake, alinishika kidole gumba akakataa kukiachia.

Sikwenda nyumbani kwanza. Nilimwacha mjukuu kwa jirani, nikashika basi hadi Kitengela. Nilimkuta msichana ofisini akipanga chupa tupu. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama. "Ile chupa yenye nyasi ni ya Kajiado. Nilibadilisha lebo ulipokwenda kutununulia chai."

Akaiweka mezani chupa aliyoishika. Nilingoja anitukane, na ningelipenda anitukane, ningekuwa na kitu cha kumkasirikia.

"Umepigia maabara?"

"Bado."

"Si upige saa hii. Nakungoja."

Nikapiga mbele yake. Kisha nikampigia bosi, na yeye alinitukana vya kutosha kwa wote wawili.

Siku chache baadaye timu zikashuka Kajiado, zikaenda hadi kwenye maboma ya mbali na hadi sokoni kwenyewe. Hakuna mtoto aliyekutwa amepooza. Mungu alitusitiri, wala si kwa sababu yangu. Mimi niliondolewa kwenye kuchota. Na mtaro wangu haukufungwa. Ndiyo, ule niliougombania ulibaki, ukapewa heshima, siku yake ikahamishiwa siku ya soko, na akakabidhiwa yule msichana pamoja na wa Kitengela. Kama ningekuwa nimeacha lebo zikae mahali pake, ungebaki na mimi. Nyani haoni kundule.

Siku za soko bado nasimama na mbuzi wangu, na kutoka hapo mtaro unaonekana. Juzi nilimwona akija na ndoo, miguuni gambuti, akasimama upepo ukiwa mgongoni, akafunga fundo langu. Wivu ukanipanda pale pale, mbichi kabisa, kana kwamba sijajifunza lolote. Nikawaacha mbuzi kwa jirani, nikamwendea.

"Supa, mwalimu," akasema. Bado ananiita hivyo. Alihitaji kuvaa glavu, akanipa chupa nimshikie.

Ilikuwa tupu, na ilikuwa imeshaandikwa. Hakukuwa na lebo ya karatasi. Aliandika jina la mahali kwenye plastiki yenyewe, kwa kalamu ile ile ya wino mweusi waliyowapaka watoto vidoleni, wino usiotoka kwa maji wala sabuni. Nilipitisha kidole gumba juu ya ile Kajiado, mara moja, kidogo tu. Haikufutika. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama, glavu moja mkononi, akingoja nimrudishie chupa.