Sokwe Hagongi Sanduku

Miaka ya tisini, katika nasari ya mtaa wetu wa Jericho, mtafiti mmoja alileta sanduku lenye peremende. Aligonga kifuniko kwa kijiti, bila sababu yoyote, kisha akafungua. Binti wa jirani yangu naye akagonga, akafungua.

"Sokwe niliyemjaribu kwa sanduku hili hagongi," mtafiti akasema. "Hufungua tu."

Jirani, aliyekuja kumchukua binti yake, akashika kiuno. "Wee! Yaani nyani amemshinda msichana wangu?"

"La, mama. Sokwe anataka peremende. Mtoto anataka kuwa kama sisi."

Mama akambeba binti yake, akicheka hadi nyumbani.

Mimi, kichwa cha mtaa mzima, nilijua hayo zamani. Hadi leo, kabla ya kuwasha redio, huipiga kofi mgongoni kama marehemu baba yangu alivyoipiga yake mbovu. Redio yenyewe ni mpya kabisa.