Alama ya Dobi

Siku ya kwanza ya mwezi, fundi bomba alifunga koki kuu ya nyumba yake mwenyewe, akaitundika spana kwenye msumari nyuma ya mlango, akachukua ndoo kwenda kuomba maji kwa jirani. Mtaa mzima ulicheka. Huyu ndiye aliyeingiza maji katika nusu ya nyumba za mtaa ule, hata wakambandika jina la Koki, na sasa anapita na ndoo begani akiimba nyimbo za kanisani.

"Koki imekauka," walimwambia.

"Imefungwa tu," aliwajibu, akacheka nao, kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa.

Sababu haikuwa siri kanisani kwao. Yeye na mkewe walikuwa wamechaguliwa kwenda umisionari mahali pa mbali, safari ya siku tatu, kwa miaka minne. Yeye angetandaza mabomba, mkewe angefundisha wasichana kushona, na wote wawili wangehubiri Injili kwa midomo na kwa mikono. Mwalimu wa mafunzo yao aliwaambia, "Msiende kujifunzia shida kwa watu. Jifunzeni kwanza nyumbani kwenu." Kwa hiyo kwa mwezi mmoja wangeishi kama watakavyoishi huko: ndoo mbili za maji kwa siku, jiko moja, begi moja kwa kila mtu, na kulala chini. Kitanda chao waliwapa maharusi wa kwaya. Juu ya sakafu kilipokuwa zilibaki alama nne za miguu yake, na Kitinda alizikwepa alipopita, kama mtu anayekwepa kukanyaga kaburi.

Kitinda ndiye mke. Alikuwa kitinda mimba wa nyumba ya watoto watano, na mama yake hakuona sababu ya kumwita kwa jina jingine hata alipofikisha miaka ishirini na saba na kuwa fundi cherehani mwenye wateja wake. Wale wanne waliomtangulia walikuwa wameoa na kuolewa na kutawanyika. "Watoto wangu ni kama shuka za hospitali," mama alizoea kusema. "Zinatoka nyingi, zinarudi chache."

Alijua alichokuwa akisema, maana alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka thelathini. Mpaka leo, wakati miguu imeanza kumgomea, watu walimwita Mama Dobi na kumletea mashati ya kupiga pasi. Katika kila nguo iliyopita mikononi mwake alitia alama ya uzi mwekundu. Hospitalini, mishono mitatu ilikuwa wodi ya wazazi, msalaba ulikuwa chumba cha upasuaji, mstari mrefu ulikuwa wodi ya wanaume. Nguo za nyumbani kwake zilikuwa na mishono miwili na fundo. Kitinda alisoma shule akiwa na alama hiyo kwenye kola, nyuma ya shingo, ikimwasha mpaka alipoingia kidato cha kwanza akaifumua kwa wembe. Mama yake aliiona shingo ya sare ile siku ya kufua, akaianika kama ilivyo.

Sasa kulikuwa na barua. Kamati ya kanisa haikumpeleka mtu bila neno la wazazi. Wazazi wa Koki walikuwa marehemu, kwa hiyo ilibaki sahihi ya Mama Dobi peke yake. Kitinda alikabidhiwa barua hiyo wiki tano nyuma, na kwa wiki tano ilikaa kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini na chaki. Kila Jumamosi aliitia kwenye mkoba, akaenda nayo kwa mama yake, akarudi nayo.

Si kwamba alikosa nafasi. Mama yake alikuwa akipiga pasi na kumuuliza, bila kuinua macho, "Hiyo semina yenu inaisha lini?"

"Bado kidogo, mama."

"Semina gani hiyo isiyokwisha. Hata shule ina likizo."

Kitinda alicheka, akamsaidia kukunja shuka. Mama alishika pembe mbili, yeye pembe mbili, wakavuta, wakakutana katikati, mikono ikagusana, wakaachana, wakavuta tena. Tangu utotoni ndivyo walivyokunja. Jumamosi hizo alikunja taratibu kuliko kawaida. Alikuwa bado hajaondoka, na tayari alikuwa ameanza kumkumbuka mama yake, akimtazama vidole vilivyochubuliwa na sabuni kama mtu anayetazama picha. Alitamani kwenda; huo ulikuwa wito wake, na hakuutilia shaka. Alitamani pia kubaki katikati ya shuka ile. Na kwa kuwa hakuweza kuyasema yote mawili, hakusema hata moja.

Hilo neno semina, alilomtajia mama yake kuhusu mafunzo yao, lilikuwa na nusu ya ukweli ndani yake, na nusu ya ukweli hudanganya vizuri kuliko uongo mzima. Kibaya zaidi, aliporudi nyumbani na Koki kumuuliza, "Mama amesemaje?" alimjibu, "Bado anaomba." Koki akafurahi. Tena alisimama mbele ya kanisa zima akashukuru kwa ajili ya mama mkwe anayewaombea. Kitinda alikuwa amekaa benchi la tatu, akatazama viatu vyake.

Watu wengi wapole huangukia hapo. Hujiambia kwamba wanaficha kwa huruma, kumbe wanajihurumia wenyewe. Mtu anayejiandaa kupeleka kweli kwa wageni hana ruhusa ya kumnyima mama yake hiyo kweli.

Lakini maneno yana miguu. Jirani wa nyumba ya tatu, mama mmoja asiyepitwa na jambo, alipeleka mashati kwa Mama Dobi, na pamoja na mashati akapeleka habari: binti yako analala chini, kitanda kimeondoka, na maji wamekatiwa.

Jumanne, saa tisa alasiri, Kitinda alikuwa barazani akipinda sketi ya shule aliposikia mkokoteni. Juu yake kulikuwa na godoro. Nyuma yake alikuja Mama Dobi, mkono mmoja juu ya godoro kama anayemsindikiza mgonjwa kwenda kupasuliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogeza cherehani, godoro lipite."

"La nani, mama?"

"La mtoto wangu anayelala chini."

Mvuta mkokoteni, mzee mmoja aliyetaka kusikia zaidi, aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu, ingawa alikuwa amevaa ndala.

Godoro liliingia ndani, na Mama Dobi akaingia nyuma yake. Aliuona mkeka uliokunjwa, jiko moja, mabegi mawili ukutani. Akaziona zile alama nne za kitanda.

"Kimeuzwa?"

"Hakijauzwa, mama. Tuliwapa maharusi."

"Na ninyi ni nani, wajane?"

Kabla Kitinda hajajibu, Koki aliingia na ndoo yake. Alipomwona mkwewe aliitua haraka, maji yakamwagikia miguuni, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Nilikupa binti, sikujua kwamba maji nayo yatakushinda. Fundi mzima."

"Hayajanishinda, mama. Nimeyafunga mwenyewe."

"Umeyafunga."

"Ni mazoezi."

"Mazoezi ya umaskini?" Mama Dobi alimtazama tangu ndala mpaka utosi. "Mimi nimeufanya miaka thelathini bila mazoezi."

Koki alitabasamu. Aliamini wanataniana. "Si ya safari hayo, mama? Yale aliyokueleza mwenzangu. Unayotuombea."

Mama Dobi hakumtazama Koki tena. Alimtazama binti yake. Koki naye akageuka. Kitinda alijikuta anatazamwa na watu wawili aliowapenda kuliko wote, na wote wawili aliwadanganya.

"Sikumweleza," alisema.

"Kwa hiyo kila Jumamosi nilipokuuliza," Koki alisema polepole.

"Ndiyo."

"Na mimi nikasimama mbele ya watu."

"Ndiyo."

Koki hakupaza sauti. Alichukua kitambaa akaanza kufuta maji yaliyomwagika, na kule kufuta kwake kulimuuma Kitinda kuliko kama angemgombeza.

Basi akasema yote. Alitoka, akafungua droo ya cherehani, akarudi na barua, akaeleza: mahali, kazi, siku tatu za safari. Mama Dobi alikuwa ameketi juu ya godoro alilolileta.

"Miaka mingapi?"

"Minne."

Mama Dobi alikuwa na miaka sitini na tisa. Kujumlisha nne hapo hakuhitaji penseli, na Kitinda alimwona akijumlisha.

"Huko mtafulia wapi?" mama aliuliza hatimaye.

"Mtoni kwanza, mama," Koki alijibu. "Maji ya bomba ndiyo nakwenda kuyaingiza."

"Mto unakula nguo." Aliinuka. "Kesho niletee nguo zote mtakazosafiri nazo."

"Na barua, mama?" Kitinda aliuliza.

"Nimesema nguo."

Jioni ile Kitinda na Koki walikula mkekani. Koki alisema kwamba atakwenda kwa mchungaji asubuhi, awafutie majina. "Hatuwezi kwenda kuhubiri kweli kwa uongo," alisema. Kitinda alimjibu, "Uongo ni wangu. Nitakwenda mimi."

Alikwenda. Ofisi ya mchungaji ilikuwa chumba chembamba chenye meza na mafaili, na kiti cha mgeni kilikuwa na mguu mmoja mfupi, kwa hiyo aliungama huku akiyumba. Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho, asimpoze.

"Mahali pale kuna watu waliodanganywa na wengi," alisema. "Hawahitaji mmoja zaidi. Kamati inakutana Ijumaa saa kumi. Niletee neno la mama yako, liwe ndiyo au hapana, mradi liwe lake. Pasipo hilo, mtasubiri mwaka mwingine, na nitawaeleza wenzangu kwa nini."

Kutoka hapo alipeleka nguo. Zilikuwa kumi na nane: za Koki tisa, zake tisa, na kati ya zake lilikuwamo gauni la buluu, la kwanza kabisa kujishonea, lenye mfuko uliokaa upande. Mama yake alizihesabu kwa sauti, nguo moja moja, kama alivyohesabu za hospitali, kisha akasema, "Ijumaa."

Alhamisi ilikuwa siku ndefu. Kitinda alishona zipu kinyume, akaifumua, akaishona kinyume tena. Mchana Koki alirudi kutoka kazini mapema, akaketi barazani karibu yake, akaanza kumtungia nyuzi kwenye sindano bila kuambiwa. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la amani tangu Jumanne.

"Akikataa?" Kitinda aliuliza.

"Atakuwa amekataa. Nitafungua maji."

"Utanilaumu?"

Koki alilamba ncha ya uzi, akautunga. "Kwa mwaka mmoja nitajitahidi nisikulaumu."

Ijumaa asubuhi Kitinda alimkuta mama yake amekwisha kupanga nguo mezani, zimenyooka kama karatasi. Kitinda alichukua shati la Koki la juu, na kwa mazoea ya fundi akageuza kola. Nyuma ya shingo kulikuwa na mishono miwili ya uzi mwekundu, na fundo. Akageuza la pili. Akageuza sketi yake. Kila moja ilikuwa nayo.

"Shuka ikienda wodi nyingine bila alama, imekwenda," Mama Dobi alisema akiwa dirishani. "Yenye alama hata ikikaa mwaka, ipo siku mtu atasema hii si ya hapa, irudisheni kwao. Usiifumue hii."

"Siifumui, mama."

"Ile ya shule uliifumua."

"Ndiyo."

"Haya. Soma hiyo barua. Yote, usiruke."

Kitinda alisoma. Ilikuwa fupi: Mimi mzazi wa waliotajwa nimeelezwa juu ya kazi hii, na nimeridhia.

"Rudia mwisho."

"Nimeelezwa, na nimeridhia."

"Nimeelezwa, ni kweli, tangu Jumanne. Kuridhia sijaridhia." Alivuta kiti, akaketi. "Futa hilo. Andika nimeruhusu."

"Mama, si karibu ni kitu kimoja?"

"Wewe una sarufi ya semina. Kuridhia ni moyo kutulia. Moyo wangu haujatulia, na sitawaandikia watu wa Mungu kwamba umetulia. Kuruhusu ni kufungua mkono. Mkono nimeufungua. Futa, uandike, nitie sahihi mahali pa kweli."

Kitinda alifuta neno moja kwa mstari mmoja, akaandika jingine juu yake. Mama Dobi alitia sahihi polepole, kwa herufi kubwa alizojifunzia kwenye daftari la nguo za hospitali. Kisha akaisukuma karatasi mbali kidogo, asiitazame tena.

Walipanga nguo kwenye mkoba pamoja. Kitinda alihesabu, maana alilelewa na mwenye kuhesabu. Kumi na saba. Akahesabu tena.

"Mama, gauni la buluu silioni."

"Bado halijakauka," alisema Mama Dobi.

Uani kamba ilikuwa tupu. Jua lilikuwa limewaka tangu Jumatano, na mkaa ulikuwa bado unafuka ndani ya pasi. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi kiasi, na kwenye ncha ya kitanda palionekana mfuko wa buluu uliokaa upande.

Uongo ni uongo, hata wa mama. Kitinda, aliyelipishwa tangu Jumanne kwa uongo wake mwenyewe, hakuwa na haki ya kuusahihisha huu.

"Basi likikauka, mama, nitunzie," alisema, akabeba mkoba, akaenda kuipeleka barua.