Ya Mawazo ao ya Roho

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba kukaa kwangu nyumbani si uvivu, ni falsafa. Wengine walirithi mashamba. Mimi niliokota wazo kitabuni nikalikalia, kama kuku anavyokalia yai bovu.

Ulikuwa wakati wa uasi, uhuru ukiwa bado mchanga. Shule za Uvira, huku Kongo, zilifungwa, na vijana wenzangu wa mtaa wetu wa Nyamianda walikuwa wanapanda milimani kujiunga na waasi. Waliahidiwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Nami nilitaka kwenda. Baridi ya kule juu niliiogopa, lakini nilitaka.

Nyumba yetu ya nyuma alipanga mwalimu aliyebaki bila darasa. Alikuwa ameokoa riwaya mbili za Kifaransa, akazificha katika gunia la muhogo, maana siku zile kujua Kifaransa kulitosha kukuponza kwa waasi. Kifaransa changu kilikuwa bado cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Akajitolea kutusomea mchana, akigeuza kwa Kiswahili, huku mama akichagua mawe kwenye mchele.

"Chagua weye mwenyewe," mama aliniambia. "Ya mawazo ao ya roho?"

Mwalimu alieleza: ya mawazo ni ya kijana anayejiuliza kama maisha yana maana, ya roho ni ya mtawa anayemtafuta Mungu. Nikachagua ya mawazo. Habari za Mungu nilizisikia kila Jumapili, na nilitaka kuonekana mtu mzima. Mama aliguna tu.

Yule kijana alinishika. Aliondoka kwao alfajiri, akafika mtoni, akasimama. Akaona kwamba mtu asiyemaliza maswali ya ua wake atayabeba mpaka ua wa wengine. Akarudi nyumbani, akashika jembe. Hapo mwalimu alisoma polepole, kisha akarudia.

Kesho yake rafiki yangu alinipitia, kifurushi begani.

"Unakuja ao hukuji?"

Nikamjibu kwa sauti ya msomi: "Mtu asiyemaliza maswali ya ua wake atayabeba mpaka ua wa wengine."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Sasa weye uko muke wa nani hapa?"

Akaenda. Hakurudi tena. Nililia, lakini nilijiambia kila mtu alichagua lake.

Shule zilipofunguliwa nikaendelea na sekondari, na huko maktabani nikakikuta kitabu kile kile. Nikakisoma mwenyewe. Kijana anaondoka alfajiri. Anafika mtoni, anavuka. Hageuzi hata shingo. Nikapekua mbele na nyuma: hakuna ua, hakuna jembe.

Nilimkuta mama akianika mkekani ndagala, dagaa wa ziwa letu.

"Mama, yule kijana harudi."

Hakuuliza kijana gani. "Mwalimu alisoma vile nilimwomba. Ningefanya nini? Nikufunge kamba kama mbuzi?"

"Lakini mlisema nichague!"

"Si ulichagua? Weye unapendaka kuchagua."

"Na kama ningechukua ile ya roho?"

"Mutawa naye tulimupanga abaki kwa mama yake." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Ile ilikuwa muzuri kupita yako. Mwalimu alisikitika sana kukosa kuisoma."

Uamuzi mmoja wa busara katika maisha yangu, na haukuwa wangu. Hata rafiki yangu nilimuaga kwa maneno ya mama. Yeye hakuwa na mtu wa kumsomea.

Nikasema naondoka, sitarudi. Mama akanionyesha upande wa pili wa mkeka: ndagala za kule zilikuwa hazijageuzwa. Nikainama, nikageuza.

"Basi," akauliza taratibu, "kwa kitabu ya kweli, yule kijana alifika wapi?"

Nikageuza ndagala nyingine. Akauliza tena tukila. Mwalimu alishahama, na mama kusoma hajui. Sasa amezeeka, na bado ananiuliza, safari hii kwa kubembeleza.

Simwambii.