Diski Iliyokataa Kutoka

Jirani yangu kwa miaka kumi na mmoja, aliyekuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari hadi alipostaafu, alifariki Jumanne asubuhi baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mkewe ndiye aliyenipigia simu. Tulimwombea katika mtaa wetu, karibu na Dagoretti Corner, kabla ya mwili kusafirishwa kwao magharibi. Na hapo kwenye maombi, mmoja wa wasemaji akasema kwa kicheko kwamba marehemu alikuwa mkono wa birika, mtu aliyejitengenezea gari mwenyewe ili asimlipe fundi. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilijua sababu, na mjane wake, aliyeketi mbele akiwa amevaa kitambaa cheusi, aliijua kuliko mimi.

Gari lao lilipoanza kutoa mlio kwenye breki, alilipeleka katika gereji moja kubwa ya Westlands, yenye sakafu ya vigae na wahudumu waliovaa sare. Akaambiwa diski za mbele zimeisha. Akakubali zibadilishwe pamoja na pedi zake, jioni akapewa karatasi yenye saini ya fundi, akaja nayo nyumbani kwa amani. Wiki mbili baadaye mkewe alikuwa akiendesha kwenye Barabara ya Ngong, akakanyaga breki penye kivuko cha watembea kwa miguu, usukani ukatetemeka na gari likaendelea kwenda. Mwanamke aliyekuwa akivuka na mtoto mgongoni aliruka kando, akaangukia magoti. Hakuumia sana. Mke wa jirani yangu alilifikisha gari nyumbani, na kwa miezi mingi hakushika usukani tena.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta jirani akiwa amelitegemeza gari kwa stendi mbili imara, gurudumu limetolewa, kalipa, kile kibanio cha pedi, imefunguliwa na kuning'inizwa kwa waya ili mpira wake wa mafuta ya breki usivutike. Lakini diski yenyewe ilikataa kutoka. Alipulizia mafuta ya kulegeza kutu katikati, penye habu, yaani kitovu cha gurudumu, akangoja. Akaigonga kwa nyundo huku akiizungusha, isisogee. Mwishowe akaingiza bolti mbili katika vitundu viwili vilivyo usoni mwa diski, akazikaza kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo, mpaka ikaachia kwa kishindo. Unga mwekundu wa kutu ukamwagika chini. Aliigeuza mkononi, akapitisha ukucha kwenye ukingo uliolika, akaniambia kwa utulivu, "Jirani, diski ya wiki mbili haiwezi kushikwa na kutu hivi. Hii haijawahi kutolewa."

Tuliifunga kwenye gazeti, tukaipeleka Westlands. Meneja alifungua kompyuta yake, akatueleza kwa adabu kwamba rekodi inaonyesha diski zilibadilishwa. Jirani yangu akaifungua ile diski yenye kutu juu ya meza yake safi, akaomba aitwe fundi aliyetia saini. Akaja mwanamume wa makamo, akaitazama diski, akainamisha kichwa. Alikiri kwamba siku hiyo waliamriwa kumaliza magari yote kabla ya saa kumi, na kwamba pedi tu ndizo zilizobadilishwa. Nilingoja jirani yangu afoke. Alisema tu, "Bibi yangu alikuwa ndani ya hiyo gari." Fundi aliomba msamaha. Meneja aliuliza kama tungependa gari lioshwe bure.

Hadi leo swali hilo hunichoma kuliko uongo wenyewe. Fundi aliona aibu; aliyemharakisha hakuona kitu, maana karatasi yake ilikuwa kamili. Na tumejaa watu wa namna hiyo. Mtaro wetu umezibuliwa kwenye faili huku maji yakiingia vibandani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mjini humu mwongo hupewa mhuri, na anayedai kuona kazi kwa macho yake huitwa mchoyo, tena mbele ya jeneza lake.

Tangu siku ile jirani alifunga breki zake mwenyewe, na za yeyote aliyemwomba, na hakuna aliyeondoka kabla ya kuonyeshwa kilichotolewa na kilichowekwa. Baada ya maombi nilimfuata yule msemaji, nikamsimulia haya yote. Alinijibu kwamba ulikuwa utani tu. Basi mimi sina utani katika jambo hili. Ukiletewa karatasi utie saini, omba kwanza uonyeshwe kazi. Mwenye kazi akinuna, mwache anune. Saini yako haimzuii mtu kugongwa.