Kamati Iliyotaka Tulie

Mwenyekiti wa kamati alitutambulisha kila mahali kuwa sisi ni sauti ya Wakristo wanaoteswa, kisha akashika maikrofoni na kusema yeye mwenyewe nusu saa. Alikuwa Mzungu mstaafu, mwenye nyumba za kupangisha, msharika wa kanisa moja kubwa la Gahanna, karibu na uwanja wa ndege wa Columbus. Aliwahi kulala hotelini siku chache katika nchi iliyopakana na ya mwenzangu, akarudi akiwa mtaalamu wa mateso.

Mwenzangu alikuwa mama kutoka Burma. Tulifahamiana Buffalo, katika chumba cha kufulia cha nyumba ya kutunzia wazee tulikoajiriwa, ambapo tulikunja mashuka pamoja, yeye ncha hii na mimi ile. Mimi natoka Kivu. Kwetu pia utawala ulikabidhiwa wanajeshi, tukaambiwa ni kwa usalama wetu, kwa hiyo hakuhitaji kunieleza mengi. Askari walioshika nchi yao walichoma kanisa la kijiji chao na kumchukua kaka yake, mchungaji. Mwenzangu na wengine walikimbilia porini. Mtawa wa Kibudha aliwaficha jikoni kwake, akawaambia askari kwamba hakuna mtu. Walimpiga hadi wakamvunja mkono.

Kamati ilitupanga tuseme Louisville, Columbus na Buffalo, ili wakubwa wa serikali washawishike kuwapokea watu wa kijiji kile. Mchungaji wetu Mkongomani alifuatana nasi kama mlezi. Kazi yake kubwa ilikuwa kucheka kabla mzaha wa mwenyekiti haujaisha.

Louisville mwenzangu alisimulia yote, hata habari ya mtawa. Tulipofika Gahanna, mwenyekiti alitukalisha ofisini, akatuwekea biskuti na kusema kwa upole kwamba habari ya mtawa inawachanganya watu, kwani wafadhili wanataka kusikia za Wakristo. Kisha akanigeukia mimi. Nikifika pale mume wangu alipouawa, nisipite mbio. Nitulie kidogo, na machozi yakija nisiyazuie.

Nimewahi kupewa amri na watu wenye bunduki. Angalau wale hawakutaka niwashukuru.

Mwenzangu hakugusa biskuti. “Aliyevunjwa mkono ni yeye,” alisema. “Nikimtoa, nitakuwa nimesema uongo kanisani.”

Mchungaji alinivuta kando, kwenye korido. “Mama, bon, tusibakasirishe,” alininong'oneza. “Ni bo benye kutubeba.” Nilimjibu kwamba kama ni kubebwa, mabasi ya kwenda Buffalo yapo.

Mwenzangu alisimama mbele ya watu na kumtaja mtawa, jiko lake na mkono wake. Mimi nilisema mume wangu aliuawa shambani, nikakaa. Mwenyekiti akanyakua maikrofoni na kuwafafanulia watu kwamba yule mama alimaanisha Mungu hulainisha hata mioyo ya wapagani. Nilimtazama akifafanua. Sijawahi kuona mtu anayeridhika hivyo na kitu asichokijua.

Baada ya ibada tuliambiwa ratiba ya Buffalo imejaa. Mji tunaoishi sisi, ratiba yake imejaa! Tulilala kwa mdogo wangu, mtaa wa Linden. Alitupikia sombe ya majani ya muhogo na ugali, akasikiliza yote, akauliza kama huyo mzee ana mke wa kumwambia anyamaze. Asubuhi tukapanda basi.

Mkutano ulikuwa North Buffalo, katika ukumbi wa maktaba, na aliyekuja kusikiliza alikuwa msaidizi wa mbunge wetu, mwanamke mwenye viatu vya mpira na uso wa kuchoka. Tulikwenda bila kualikwa, tukakaa mstari wa mbele. Mwenyekiti alitupungia mkono kama watu waliopotea njia naye akawasamehe. Kabla hajaanza, msaidizi aliuliza ni akina nani humu ndani wanaoishi Buffalo, kwa sababu ofisi yao husikiliza kwanza watu wa eneo lao. Mimi na mwenzangu tuliinua mikono. Katika kamati nzima hakuinuka mkono hata mmoja.

Mwenzangu alisema muda wote alioutaka. Msaidizi aliuliza jina la kaka yake, mahali alipokamatwa, na kama yule mtawa bado yuko hai. Mwenzangu alijibu kwamba hajui. Mchungaji wetu, safari hii, hakupata pa kuchekea.

Ofisi ile iliulizia, ikauliza tena. Miezi ilipita, jibu likaja: kaka yake amefia gerezani. Mwenzangu aliendelea kukunja shuka alilokuwa nalo, akalimaliza, ndipo akakaa sakafuni. Nilikaa naye. Msimamizi alifungua mlango, akatuona, akaufunga taratibu.

Mwenyekiti alituma maua na ombi: je, mwenzangu angependa kurudi Louisville, sasa kwa kuwa habari yake “imekamilika”? Hakujibiwa. Siku hizi kamati imehamia kwenye nchi nyingine, ambayo naamini mateso yake ni rahisi kueleza.

Mjane wa kaka wa mwenzangu na watoto wangali ng'ambo ya mpaka. Faili lao limefunguliwa, lakini milango ya kuingia nchi hii imebanwa, na msaidizi hatudanganyi. Tunampigia wakati wa mapumziko ya kazi, zamu yangu na zamu ya mwenzangu. Jana ilikuwa yangu. Alisema hakuna jipya, nikamwambia nitapiga tena wiki ijayo.