Ng'ombe wa Mama Winny na Ramani ya Mji

Mji ulipoanza kupanda kilima, Rebeccah hakuuchukia. Alikuwa ameolewa hapo wakati kilima chote ni majani chai na mahindi. Mumewe alipofariki, alimwachia shamba lisilofika ekari moja: mistari ya chai upande wa juu, zizi la ng'ombe wawili upande wa chini, na nyasi za nepia za kuwalisha kando ya njia ya kwenda chemchemini. Maziwa ya zizi hilo ndiyo yaliyomsomesha binti yake, Winny, mpaka akawa nesi Nakuru. Kwa hiyo lami ilipofika, kisha stima, alishukuru kama kila mtu.

Wa kwanza kujenga ghorofa alikuwa Ongeri, jirani yake. Alikuja kutoka upande wa Nyamira akiwa kijana, akachuma chai ya kampuni miaka mingi, kisha akauziwa ploti na marehemu mume wa Rebeccah. Mkewe, Esnah, ndiye aliyemshika Rebeccah mkono siku Winny anazaliwa. Basi nyumba hizo mbili zilikuwa zikiombana chumvi bila kubisha hodi.

Ghorofa ilipokamilika, jua la asubuhi likakoma kufika zizini. Tope halikauki, nepia inasinyaa. Wapangaji nao wakaanza: nzi, harufu, ng'ombe analia kabla hakujapambazuka. Siku moja Ongeri akaja, akasimama mlangoni. Hakukaa.

"Mama Winny, hawa watu wananisumbua. Huwezi kusogeza zizi kidogo?"

"Nisogeze wapi, Baba Kebaso? Huku ni chai. Kule ni wewe."

Ongeri akatazama viatu vyake, akaenda.

Mwaka uliofuata mipaka ya mji ikapanuliwa, na watu wakaitwa kwenye ukumbi wa kanisa kutoa maoni kuhusu mpango mpya. Rebeccah alikwenda na maneno yake tayari. Alikuwa ameyapanga akikamua, akayapanga tena akikata nyasi: kwamba aliyejenga karibu na zizi alikuwa na pua tangu mwanzo, kwamba mjane hali ramani.

Ramani ilikuwa imebandikwa ukutani. Afisa wa mipango, msichana mpole aitwaye Dorine, akaeleza kwamba kilima kizima kimetengewa nyumba za ghorofa. Chai inaweza kubaki, lakini mifugo haitaruhusiwa. Rebeccah akasogea karibu akaitafuta chemchemi. Hakuiona. Rangi ya ghorofa ilikuwa imeifunika kabisa, ikateremka mpaka bondeni.

Zamu yake ilipofika, mwenyekiti akamwambia, "Mama, jambo moja tu. Foleni ni ndefu."

Akashika maikrofoni. Maneno ya ng'ombe yalikuwa mdomoni kabisa. Alijua akiketi bila kuyasema, hatapata nafasi nyingine.

"Dorine, mtoto wangu," akasema, "hapo chini kuna maji. Mbona mmeyajengea?"

Watu wakageuka kumtazama Ongeri, kwa maana ploti ya bondeni alikuwa ameshainunua, na mawe ya msingi yalikuwa yameshamwagwa. Ongeri hakuinua kichwa. Aliyesimama ni Esnah, aliyekuwa ameketi kando yake.

"Ni kweli anavyosema. Mifereji ya nyumbani ikikauka, hata wapangaji wetu huchota huko. Mkijenga hapo, tutakunywa nini?"

Dorine akaandika, akaahidi kwenda kuona mwenyewe. Na kweli alikuja, na buti zake za mvua, akazunguka bondeni mpaka alasiri.

Mpango ulipopitishwa, chemchemi ilikuwa imeachwa, pamoja na ukanda wa miti kuizunguka. Ploti ya Ongeri ikaliwa nusu. Kuhusu ng'ombe hakuna lililobadilika. Wenye mifugo walipewa mpaka mwisho wa masika.

Ndugu yake Rebeccah, Johana, akaleta pikapu kutoka kwake Mogogosiek kuwachukua wale ng'ombe akawafuge. Yule mdogo alipanda bila shida. Mkubwa akakaza miguu, akavutwa, akasukumwa, wapi. Wapangaji walikuwa wakitazama kutoka barazani juu. Rebeccah alikuwa amechoka mpaka hakujali kutazamwa.

Ongeri akatoka kwake, akakunja mikono ya shati, akaweka bega nyuma ya ng'ombe. Walisukuma pamoja mpaka akapanda. Miezi mingi ilikuwa imepita Ongeri hajakanyaga boma lile.

"Ile ploti," akasema akihema, "nilikasirika sana, Mama Winny. Na wewe, na hata mama wa nyumbani kwangu."

"Najua. Kaza hiyo kamba, isije ikafunguka njiani."

Akaikaza. Pikapu ikaondoka.

Winny akapiga simu mchana. "Mama, si sasa uje Nakuru upumzike?"

"Nitaona," akasema, ingawa alijua hataenda.

Alifagia zizi, na katikati ya kufagia akajiuliza anamfagilia nani. Akamaliza hata hivyo. Kisha akajifunga aproni ya plastiki, akabeba kikapu mgongoni na kupanda kwenye chai, maana kesho yake ilikuwa siku ya lori la kiwanda. Alichuma polepole, akisimama kila mara kunyoosha mgongo. Esnah alipomwona yuko peke yake, akaja na kikapu chake, akashika mstari wa pili bila kuambiwa.