Mistari Iliyomezwa na Nyepesi

Charanjit Bhogal, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa akiishi ughaibuni, mtaa wa Hodge Hill, mwaka 2004 alipopigiwa simu asubuhi moja na mwanamume asiyemjua.

"Mama, mimi ni Emery, mtu wa Goma. Ninatumika kwa karakana ya vyuma hapa Stechford. Ni wewe ulitengeneza Nyepesi?"

Charanjit akakaa kwenye ngazi. Nyepesi aliiandika mwaka 1986, kwenye kompyuta yake ya kwanza: programu ndogo ya kuandikia na kusahihisha maagizo ya kompyuta, iliyoenea kwenye disketi moja na kubakiza nafasi tele. Aliwagawia watu bure. Kila ulipoifunga iliuliza kwa Kiswahili, Umehifadhi kazi yako? Chini yake palikuwa na jina lake na namba ya simu ya nyumba hii hii.

"Tunaandika nayo maagizo ya mashine ya kukata chuma," Emery akaendelea. "Sasa inakula mistari ya mwisho. Jana kisu hakikuinuka. Kilivunjika, kipande kikapita karibu na sikio la mwenzangu."

"Ameumia?"

"Jana, hapana."

"Msiiguse tena, ndugu yangu. Nakuja."

Aliteremsha ile kompyuta kuukuu kutoka darini. Disketi ilikataa kusomeka mara mbili. Mara ya tatu ikakubali. Mumewe, Jagjit, alisimama mlangoni.

"Hiyo ni kitu ya zamani, Charan. Nani atakulaumu?"

Alipekua msimbo wa Nyepesi mstari kwa mstari, hadi akapaona penye kosa. Faili likizidi herufi elfu sitini na tano, kilichozidi kilitupwa bila onyo. Pembeni alikuwa ameandika mwenyewe: hakuna atakayefika hapa. Aliona aibu.

Alirekebisha programu ikatae faili refu na kutoa onyo, kisha akapanda basi hadi Stechford. Yeye na Emery wakayagawa maagizo marefu katika mafaili mawili, wakayajaribu mara kumi, mashine ikiwa haina chuma. Kisu kipya kiliinuka kila mara.

"Imepona, Mama," Emery akasema, akicheka.

Charanjit hakucheka. Alikumbuka kwamba zamani alituma disketi arobaini na moja kwa posta. Wiki ile aliandika barua kwa kila anwani aliyoipata kwenye daftari lake. Kufikia Pasaka tisa walikuwa wamejibu, na bahasha kumi na nne zimerudi bila kufunguliwa. Waliobaki hakujua wanakata nini.